Kusujudia au kuabudu? Kitenzi “proskuneo” katika Mathayo 2:11

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaongoza kikundi cha kujifunza Biblia katika mtaa wetu. Mgeni mmoja alitueleza kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa “wakamsujudia” katika habari ya mamajusi ni proskuneo, na kwamba maana yake ni kuinama kwa heshima tu, kama raia anavyomwinamia mfalme. Kwa hiyo, alisema, Injili hazionyeshi popote Yesu akiabudiwa. Mzee wetu wa kanisa alimjibu kwamba neno hilo linatokana na mbwa anayelamba mkono wa bwana wake, na kwamba siku zote ni ibada. Nani kati yao yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Nianze na huyo mbwa, kwa sababu ndiye rahisi kumfukuza, kisha nije kwa mgeni wenu, ambaye amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo inastahili kusikilizwa vizuri kabla ya kupingwa.

Maelezo ya mbwa yanatoka katika kamusi fupi ya James Strong, iliyochapishwa mwaka 1890 pamoja na faharasa yake ya maneno ya Biblia. Kwa kuwa kamusi hiyo sasa imo katika programu nyingi za Biblia za simu, imekuwa mwalimu wa Kigiriki wa wahubiri ambao hawakupata mwalimu mwingine. Strong alikisia kwamba proskuneo (προσκυνέω) ina undugu na kuon, yaani mbwa, lakini sarufi haimuungi mkono. Kitenzi hiki kimeundwa na pros, “kuelekea”, na kuneo, “kubusu”. Katika neno la mbwa, ambalo likionyesha umiliki huwa kunos, sauti ya n ni sehemu ya shina lenyewe. Katika kuneo, n ni kiungo cha wakati uliopo tu: ukikipeleka kitenzi katika wakati uliopita unapata ekusa, “nilibusu”, na n imetoweka. Washairi wa Athene walifanya vivyo hivyo kwa kitenzi chetu, wakasema prosekusa. Kwa hiyo mfanano wa maneno hayo mawili ni wa sikio tu, kama ilivyo kwa maneno yetu “kaa” la moto na “kaa” wa pwani.

Na hata kama mzee wenu angekuwa sahihi kuhusu asili, bado asili ya neno si maana yake. Umeniamkia kwa “shikamoo”, neno ambalo kwa maelezo yaliyozoeleka ni mkato wa “nashika miguu yako”. Hukuigusa miguu yangu ulipoandika, wala mimi sikuitazama nilipoitikia. Neno lilizaliwa katika tendo la mwili, likabaki na heshima, likaacha tendo nyuma. Proskuneo nayo ilizaliwa katika busu, lakini kufikia wakati wa Agano Jipya busu lilikuwa limesahauliwa. Kilichobaki ni mwili unaoshuka chini mbele ya aliye mkubwa. Swali ambalo mgeni wenu anauliza kwa haki ni hili: mkubwa huyo ni nani, na ukubwa wake ni wa namna gani?

Wagiriki wenyewe walitumia neno hili kwa miungu yao, na pia kwa desturi waliyoiona kwa Waajemi na kuidharau. Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba Waajemi wawili wa hadhi moja wakikutana njiani hubusiana midomoni. Mmoja akiwa chini kidogo hubusiana mashavuni. Na mmoja akiwa wa chini sana, huanguka na kumsujudia mwenzake. Anasimulia pia juu ya Wasparta wawili, Sperthias na Bulis, waliopelekwa Susa mbele ya mfalme Xerxes. Walinzi walitaka kuwalazimisha waanguke, nao wakakataa wakisema kwamba si desturi yao kumsujudia mwanadamu. Baadaye, mwaka 327 kabla ya Kristo, Aleksanda Mkuu alipojaribu kuiingiza desturi hiyo miongoni mwa Wamakedonia wake, mwanahistoria Callisthenes alimpinga waziwazi. Kwa Mwajemi, basi, kitendo hiki kilikuwa adabu ya ikulu ya mfalme. Kwa Mgiriki kilikuwa haki ya miungu. Tendo lilikuwa moja, na watu wawili walilisoma kwa namna mbili. Kumbuka jambo hilo tutakapofika Bethlehemu, maana neno magoi, yaani “mamajusi” kwa Kigiriki, lenyewe lina asili ya Kiajemi.

Wayahudi walioitafsiri Torati kwa Kigiriki kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo walilichukua neno hili kuwa badala ya neno la Kiebrania hishtahawah, ambalo pia ni la kuinama hadi chini. Hapa ndipo mgeni wenu anapopata nguvu. Katika Mwanzo 23:7, Ibrahimu anawainamia wenyeji wa Hethi anapotafuta mahali pa kumzika Sara, na Kigiriki kinasema prosekunesen. Hakuna anayedhani kwamba Ibrahimu aliwaabudu Wahethi kwa ajili ya kiwanja cha kaburi. Yakobo anamfanyia Esau vivyo hivyo mara saba, ndugu za Yusufu wanamfanyia liwali wa Misri wasiyejua kuwa ni ndugu yao, naye Ruthu anamfanyia Boazi shambani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni 1 Mambo ya Nyakati 29:20, ambapo mkutano mzima unamsujudia Bwana na mfalme Daudi pia: kitenzi kimoja, kimetajwa mara moja, kikiwa na wapokeaji wawili. Mwandishi hakuona haja ya kukitenganisha, kwa sababu kitenzi kinataja tendo la mwili, nalo lilikuwa lile lile.

Hata hivyo, Torati hiyo hiyo ya Kigiriki inatumia kitenzi hicho katika amri ya Kutoka 20:5 inayokataza kuvisujudia vitu vya kuchonga, na Danieli 3 inakitumia kwa sanamu ya Nebukadneza. Kadiri Wayahudi walivyoishi chini ya wafalme waliodai heshima ya kimungu, ndivyo neno lilivyozidi kuwa na miiba. Katika kitabu cha Esta kwa Kigiriki kuna sala ya Mordekai ambayo haimo katika Kiebrania. Humo anajitetea kwamba hakukataa kumsujudia Hamani kwa kiburi, bali asije akauweka utukufu wa mwanadamu juu ya utukufu wa Mungu, na anaongeza kwamba hatamsujudia yeyote ila Bwana wake. Ibrahimu asingeielewa sala hiyo. Tendo alilolifanya yeye bila wasiwasi wowote mbele ya Wahethi, Mordekai wa Kigiriki analiona kuwa mpaka usiovukika. Agano Jipya liliandikwa na watu walioishi karibu zaidi na Mordekai huyo kuliko na Ibrahimu.

Sasa Agano Jipya lenyewe. Kitenzi kinatokea mara 60, na mgawanyo wake si sawa hata kidogo: Ufunuo mara 24, Mathayo 13, Yohana 11, Matendo 4, Luka 3, Marko 2, Waebrania 2, na barua zote za Paulo mara moja tu, katika 1 Wakorintho 14:25. Kwa hiyo swali lako, kwa sehemu kubwa, ni swali kuhusu Mathayo, na ningependa tukae naye.

Wengi wetu tunaofanya kazi hii tunaamini kwamba Mathayo alikuwa na Injili ya Marko mbele yake alipoandika. Tazama alivyoishughulikia. Marko anasema Yairo alianguka miguuni pa Yesu; Mathayo 9:18 anaandika proskuneo. Marko anasema yule mama wa Sirofoinike alianguka miguuni pake. Mathayo 15:25 anaandika proskuneo. Marko anasema wanafunzi walishangaa mno upepo ulipokoma ziwani. Mathayo 14:33 anasema waliokuwamo chomboni walimsujudia wakisema kwamba hakika yeye ni Mwana wa Mungu. Mathayo, basi, analiongeza neno hili kwa makusudi. Lakini geuza sarafu. Marko mwenyewe analitumia mara mbili tu: kwa mtu mwenye pepo anayemkimbilia Yesu (5:6), na kwa askari wanaomdhihaki kwa taji la miiba (15:19). Mathayo anazisimulia habari zote mbili, na katika zote mbili kitenzi hiki kimeondolewa. Kwa askari anasema walipiga magoti mbele yake, basi. Mwandishi ambaye kwake neno hili lingekuwa adabu ya kawaida asingekuwa na sababu ya kuwanyima askari waliokuwa wakiigiza adabu hiyo hiyo ya kifalme. Inaonekana kwamba hakutaka kulichezea.

Kuna pia suala la nyakati za kitenzi, ambalo tafsiri haiwezi kulionyesha kwa urahisi. Mwenye ukoma wa 8:2, Yairo, mama wa Sirofoinike, na mtumwa mwenye deni katika mfano wa 18:26 wote wamewekwa katika wakati wa Kigiriki unaoonyesha tendo likiendelea, kana kwamba tungesema “akawa anamsujudia, akisema”. Hao ni waombaji: wamelala chini, na tendo lao halijafika mwisho kwa sababu jibu halijatoka. Mamajusi wa 2:11, wanafunzi wa 14:33, wanawake wa 28:9 walioishika miguu yake, na wale kumi na mmoja wa 28:17 wamewekwa katika wakati wa tendo kamili. Hao hawaombi kitu. Sitajenga mafundisho juu ya tofauti hii, maana ni desturi ya Kigiriki kutumia wakati unaoendelea kabla ya ombi. Lakini inatusaidia kuona kwamba mifano ya Mathayo haiko kwenye ngazi moja, na kwamba yule mtumwa wa 18:26, ambaye mgeni wenu bila shaka atamtaja kwa sababu anamsujudia bwana wake wa kibinadamu, yuko kwenye kundi la waombaji na si kwenye kundi la mamajusi.

Basi mamajusi walifanya nini? Nadhani tunapaswa kutenga maswali mawili. La kwanza ni walichokuwa nacho moyoni wenyewe. Walikuwa watu wa mashariki, walikuwa wanamtafuta “mfalme wa Wayahudi”, na walimletea zawadi zinazomfaa mfalme. Zaidi ya hayo, katika 2:8 Herode anatumia kitenzi kile kile, akidai kwamba naye anataka kwenda kumsujudia mtoto. Hata uongo lazima uwe na maana inayoaminika, na uongo wa Herode unaaminika zaidi ukiwa ni wa mfalme kumpa heshima mfalme mwenzake. Kwa swali hili, mgeni wenu anaweza kuwa sahihi kabisa, na sioni sababu ya kumnyima.

La pili ni kile ambacho Mathayo anataka msomaji wake akione. Baada ya kurasa mbili tu, kitenzi kinarudi mlimani, katika kinywa cha Ibilisi: “ukianguka kunisujudia”. Maneno “kuanguka” na “kusujudia” yamewekwa pamoja, kama yalivyowekwa kwa mamajusi katika 2:11. Yesu anajibu: “Msujudie Bwana Mungu wako, umwabudu yeye peke yake.” Jibu hilo linatoka Kumbukumbu la Torati 6:13, na ingawa nakala nyingi za Kigiriki za mstari huo zinasema “mche Bwana”, ni proskuneo ndiyo iliyosimama katika Mathayo. Tena, yeye aliyesema kwamba tendo hili ni la Mungu peke yake anaendelea kulipokea, mara baada ya mara, bila kumwinua mtu yeyote kutoka chini. Mwandishi aliyeyaweka maneno hayo mwanzoni mwa kitabu chake na kufunga kitabu kwa wanafunzi waliosujudu mlimani Galilaya hakuwa anasimulia adabu za ikulu.

Linganisha na watu wengine wanaosujudiwa. Katika Matendo 10:25, Kornelio anamwangukia Petro miguuni, na Petro anamwinua akisema, “Simama, mimi nami ni mwanadamu.” Ni vigumu kuamini kwamba akida wa Kirumi aliyemcha Mungu wa Israeli alimdhani Petro kuwa mungu, yawezekana alitoa heshima tu, na bado Petro hakuikubali. Yohana katika Ufunuo anaanguka mbele ya malaika mara mbili, 19:10 na 22:8, na mara zote mbili anazuiwa: “Msujudie Mungu.” Hata hivyo, uadilifu unanidai nikutajie Ufunuo 3:9, ambapo Kristo anaahidi kwamba wapinzani wa kanisa la Filadelfia watakuja kusujudu mbele ya miguu ya kanisa hilo. Hapo wanadamu wanasujudiwa, na ni yeye anayewaleta. Anayekuambia kwamba kitenzi hiki “siku zote” kina maana moja hajaisoma aya hiyo.

Huenda mtu akawaambia pia kwamba siri iko kwenye umbo la nomino inayofuata kitenzi, yaani kwamba Kigiriki kinatumia umbo moja Mungu anaposujudiwa na jingine kwa wengine. Msipoteze jioni yenu kwa hilo. Katika Ufunuo 13, joka na mnyama wanapewa umbo lile lile ambalo 14:7 inampa Muumba, na mistari michache mbele mnyama huyo huyo anapewa umbo jingine.

Jambo lenye uzito zaidi ni kitenzi jirani, latreuo, ambacho ndicho “umwabudu” cha Mathayo 4:10. Hicho ni kitenzi cha utumishi wa ibada, wa hekalu, dhabihu na sala, nacho kinatokea mara 21 katika Agano Jipya. Hakuna mahali kinapotumika moja kwa moja kwa Yesu peke yake. Kilicho karibu zaidi ni Ufunuo 22:3, ambapo kuna kiti kimoja cha enzi cha Mungu na Mwanakondoo, na watumwa “wake” wanamtumikia, katika umoja. Mgeni wenu angefanya vizuri zaidi kuuliza kuhusu kitenzi hicho, kwa sababu ni swali gumu kuliko lile alilouliza.

Niseme sasa kuhusu Kiswahili chetu, kwa sababu nadhani sehemu ya ugomvi wenu imezaliwa humo. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 haitumii neno moja kwa proskuneo. Ibrahimu mbele ya Wahethi “akainama”, mamajusi “wakamsujudia”, na katika Yohana 4:20-24, ambapo kitenzi kinatokea mara tisa ndani ya mistari mitano, watafsiri waliandika “kuabudu”. Walikuwa na sababu. Yesu na mwanamke Msamaria wanabishana kuhusu mahali, mlima huu au Yerusalemu, na kitenzi hiki kikitajwa pamoja na mahali patakatifu huwa kinabeba safari nzima ya ibada, kama kwa Wayunani wa Yohana 12:20 na Mkushi wa Matendo 8:27. Mtu hasafiri kutoka Kushi ili ainame tu.

Lakini “kusujudu” ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na katika masikio ya Mswahili, awe Mwislamu au Mkristo, linakuja na paji la uso lililogusa chini. Msikiti wenyewe ni mahali pa kusujudia. Kwa wengi wetu sijida ni ya Mungu tu, kwa hiyo “wakamsujudia” inasema kwa Kiswahili kidogo zaidi ya kile ambacho Kigiriki peke yake kingesema. Inapendeza kuona kwamba Waislamu nao wamewahi kukutana na swali lako. Kurani inasema malaika walimsujudia Adamu (2:34), na kwamba wazazi na ndugu za Yusufu walimwangukia wakisujudu (12:100). Wafasiri wengi wameeleza kwamba hiyo ilikuwa sijida ya maamkizi, si ya ibada. Wamelazimika kutofautisha nia ndani ya tendo moja, kama tunavyolazimika sisi.

Nao Wakristo wa Magharibi waliwahi kugombana vibaya kwa kushindwa kufanya hivyo. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, uliruhusu picha takatifu zipewe proskunesis ya heshima, huku latreia ikibaki kwa Mungu peke yake. Tafsiri mbovu ya Kilatini iliyofika kwa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, ilitumia adoratio kwa proskunesis, na wanateolojia wake wakaamini kwamba Wagiriki walikuwa wameamuru picha ziabudiwe kama Utatu. Sinodi ya Frankfurt ya mwaka 794 ikalaani jambo ambalo, kwa sehemu kubwa, halikuwa limesemwa.

Katika kikundi chenu, basi, ningeacha “wakamsujudia” ilivyo, bila kuibadilisha kuwa “wakamwabudu” wala “wakamwinamia”, na ningewaomba wote wawili, mgeni na mzee, wasome Mathayo kutoka sura ya 2 hadi ya 28 wakiweka alama kila mahali kitenzi hiki kinapotokea: 2:2, 8 na 11, 4:9 na 10, 8:2, 9:18, 14:33, 15:25, 18:26, 20:20, 28:9 na 17. Wakifika mwisho watakuta kwamba wale kumi na mmoja “walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka.” Kitenzi hicho cha kuona shaka, distazo, kinatokea mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara nyingine ni pale Petro anapozama ziwani, katika 14:31, na mistari miwili baadaye watu wa chomboni wanasujudu.